Mjomba ana miaka 67 au 73? Ulimwengu nao una kesi hiyo hiyo

Wale mliozoea kunikuta hapa nikiwasema wanaume wanaoagiza soda mbili halafu wanasahau pochi nyumbani, leo mnivumilie. Leo tunavuka maji. Tunakwenda Pemba, tena si Chake mjini kwenye pilikapilika, tunateremka hadi Wesha, pale gatini, na tukishafika tutatazama juu.

Kisa chenyewe ni cha mwishoni mwa Novemba 2024. Nilipigiwa simu na mama mdogo. Sasa mama mdogo akipiga yeye mwenyewe, kwa vocha yake, bila ya kubipu, ujue kuna jambo.

“Mwanangu, njoo umsaidie mjomba wako. Wanasema mimi ni dada yake mkubwa.”

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ngoja nikuweke sawa. Zanzibar kuna pensheni ya wazee wote waliotimiza miaka 70. Ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na haikuulizi kama uliajiriwa au ulivua pweza maisha yako yote. Mama mdogo alizaliwa hospitali mwaka 1954, cheti anacho, kakikunja mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Mwaka ule wa 2024 akatimiza 70, akaanza kupokea. Mjomba, kaka yake, alizaliwa nyumbani kwa mkunga wa mtaani na karatasi hakuwahi kuwa nayo. Siku aliyokwenda kuandikishwa, miaka mingi iliyopita, karani wa ofisi moja (siitaji, nina ndugu wengi) alimtazama usoni akasema, “Mzee, huna hata mvi moja, nakuandika hamsini na saba.” Mjomba alikuwa na haraka ya kuwahi maji, akasema haya, andika. Ndiyo ikawa hivyo. Kwa karatasi ana miaka 67. Mdogo wake ana 70. Pensheni kaipata mdogo mtu, kaka mtu anaambiwa asubiri akue!

Na si mzaha, jamani. Bahari keshaiacha, mgongo umekataa, na vidonge vya presha si vya kukopa.

Ushahidi wa nyumbani unasema vingine kabisa. Sultani Khalifa bin Harub alifariki Oktoba 1960, na wazee wa Wesha wanakumbuka kuwa habari ile ilimkuta mjomba yuko chuoni keshaingia kwenye juzuu, na ndiye aliyekuwa akimshika mkono mdogo wake kumpeleka. Ukihesabu kwa njia hiyo, alizaliwa 1951, basi ana 73. Ukimwamini karani, siku hiyo alikuwa na miaka mitatu, na keshasoma juzuu! Mtoto huyo angekuwa kwenye magazeti.

Basi bwana, nikashuka Mkoani na boti, nikapanda gari hadi Chake, na kutoka Chake hadi Wesha. Usiku ule umeme ukakatika. Baada ya Isha mjomba akasema tukakae ufukweni karibu na gati tupate upepo. Tukakaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa. Mwezi ulikuwa umekwisha, kiza totoro, ule wakati wavuvi wa dagaa wanaoupenda. Huko nje, upande wa kisiwa cha Misali, taa zao zilikuwa zimesambaa kama mji mdogo.

“Unaweza kunambia ipi iko karibu?” mjomba akaniuliza.

Mimi na usomi wangu wa Dar nikaonesha ile inayong’aa zaidi.

“Aa, umeshapotea. Ile ya manjano, iliyofifia, ni karabai. Karabai naijua nguvu yake, nimeiwasha miaka thelathini. Ikifika hapa imefifia vile, najua iko wapi. Ile nyeupe inayokuchoma macho ni hizi taa za betri za siku hizi. Ukiipima kwa kipimo cha karabai utadhani iko hapa mbele, kumbe iko mbali kuliko zote.”

Msomaji, sikujua kama mjomba wangu alikuwa amenipa somo zima la unajimu wa kisasa, ule wa darubini, si ule wa kutafutiwa mchumba kwa nyota ya Nge. Wanaopima umbali wa nyota wanafanya kazi hiyo hiyo ya pale gatini. Na makosa yao makubwa kuliko yote yalikuwa hayo hayo, kudhani taa zote ni karabai.

Tuanze karibu. Mchana, tembea kutoka kichwa kimoja cha gati hadi kingine huku unaitazama mashua iliyotia nanga. Utaiona inahama ukiilinganisha na Misali kule nyuma. Mashua ya karibu inahama sana, ya mbali inahama kidogo. Ukijua urefu wa gati, unapiga hesabu unapata umbali bila kulowesha mguu. Wataalamu gati lao ni njia ya dunia kulizunguka jua: wanapiga picha Januari, wanapiga tena Julai, hapo wamehama kilometa milioni 300. Friedrich Bessel, Mjerumani, alifaulu kuipima nyota moja hivyo mwaka 1838, na akakuta iko umbali wa kama miaka ya nuru 10. Mwaka wa nuru si muda, usijichanganye. Ni mwendo ambao nuru inaumaliza kwa mwaka mmoja, nayo inakimbia kilometa 300,000 kila sekunde. Inatoka mwezini kuja hapa kwa sekunde moja na ushee, kutoka juani kwa dakika nane. Chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia, kilichorushwa 2013 na kumaliza kutazama Januari 2025, kimepima kwa njia hii nyota karibu bilioni mbili.

Lakini gati lina mwisho wake. Nyota ikiwa mbali mno haihami hata chembe. Hapo ndipo unapohitaji taa unayoijua nguvu yake. Taa ikienda mbali mara mbili, mwanga wake haubaki nusu, unabaki robo. Mara tatu, inabaki moja ya tisa. Hesabu hiyo ni rahisi. Kazi ni kuipata hiyo karabai ya mbinguni.

Aliyeipata ni mwanamke mmoja, Henrietta Leavitt, na stori yake inauma. Alifanya kazi Harvard kule Marekani, kwenye chumba cha wanawake walioajiriwa kuhesabu nyota kwenye vioo vya picha. Waliitwa kompyuta, kwa sababu kazi yao ilikuwa kukokotoa. Mshahara wake senti 30 kwa saa. Masikio yalikuwa yamemfia, lakini macho, wacha wewe! Picha zililetwa kutoka Arequipa, Peru, kwa sababu alichokuwa anakitazama hakionekani kutoka Marekani: mawingu mawili ya nyota ya upande wa kusini, yanayoitwa ya Magellan. Kutoka Wesha yanaonekana, tena bila darubini. Mwaka 1908 alichapisha orodha ya nyota 1,777 zinazopungua na kuongezeka mwanga. Mwaka 1912 akachukua 25 za Wingu Dogo, za aina iitwayo sefeidi, akaona jambo. Zinazopepesa pole pole ndizo zenye nguvu, zinazopepesa haraka ni dhaifu. Na kwa kuwa zote zimo kwenye wingu moja, sawa na mashua zote kutia nanga Misali, haiwezekani kusema hii inang’aa kwa sababu iko karibu. Nguvu ni yake mwenyewe.

Unaona dili hilo? Hesabu siku za kupepesa, umejua nguvu ya taa. Ukijua nguvu, umejua umbali. Leavitt alifariki 1921. Mwaka 1925 bwana mmoja wa Sweden akaandika barua akitaka kumpendekeza kwa tuzo ya Nobel. Akajibiwa kuwa alishakufa miaka minne nyuma. Ndiyo mambo ya kuchelewa kuandikishwa hayo.

“Sasa hilo wingu liko wapi?” mjomba akauliza. Nikashukuru umeme kukatika. Ilikuwa kiasi cha saa mbili na nusu. Nikamgeuza kusini, juu kidogo ya minazi, penye doa la maziwa ambalo ukilikazia macho linakimbia, ukitazama pembeni yake linarudi. Lile pale, miaka ya nuru kama 200,000. Halafu nikamgeuza kaskazini. Bahati ni kwamba saa ile ile, upande wa pili wa mbingu, kuna doa jingine refurefu, Andromeda. Hilo Abdurahman as-Sufi wa Isfahan alishaliandika mwaka 964 kuwa ni wingu dogo. Watu wa Ulaya kaskazini wanaiona Andromeda ila Wingu la Magellan hawalioni ng’o. Wa kusini kabisa wanaliona Wingu, Andromeda kwao ni shida. Sisi tulio jirani na ikweta tunageuza shingo tu.

Oktoba 1923, Edwin Hubble, kwenye darubini ya Mount Wilson kule California, aliikuta sefeidi moja ndani ya Andromeda. Akahesabu siku zake za kupepesa, 31, akapiga hesabu ya Leavitt, akapata kama miaka ya nuru 900,000. Kelele zikaisha. Wale waliodai kuwa madoa yale ni vijiwingu vya humu humu kwetu wakala kona. Andromeda ni galaksi, mji mwingine wa nyota.

Hapo kisa kinaingia umri. Kuanzia 1912 Vesto Slipher alikuwa akiona kuwa mwanga wa galaksi nyingi umevutwa kuelekea wekundu, dalili ya kitu kinachokwenda mbali nawe. Padri wa Ubelgiji, Georges Lemaître, akaandika 1927 kuwa ni ulimwengu wenyewe unatanuka, na mwaka 1929 Hubble akatoa vipimo: galaksi iliyo mbali mara mbili inakimbia mara mbili.

Hili nililieleza nyumbani kwa mkate wa kumimina, kwa sababu mama mdogo alikuwa ameuandaa kwa chai ya asubuhi. Unga umeumuka, zabibu zimo ndani. Hakuna zabibu inayotembea, unga ndio unaovimba. Lakini kila zabibu ikitazama wenzake inawaona wote wanaikimbia, na wa mbali ndio wanaokimbia zaidi, kwa sababu kati yao kuna unga mwingi zaidi unaoumuka. Hakuna zabibu ya katikati. Mama mdogo akauliza kama basi Chake nayo inaikimbia Wesha. Hapana, vitu vilivyoshikana kwa uzito havitanuki, kama zabibu yenyewe isivyovimba. Hata Andromeda haitukimbii, inakuja kwetu. Madereva wa Chake wakipandisha nauli wasisingizie ulimwengu.

Sasa, kama vitu vinaachana, jana vilikuwa karibu zaidi, juzi zaidi. Rudisha mkanda nyuma, unapata siku ya mwanzo. Hesabu yake unaweza kuifanya hapo hapo kijiweni. Wataalamu hutumia kizio cha megapaseki, nacho ni miaka ya nuru milioni 3.26. Hubble alisema galaksi iliyo umbali huo inakimbia kama kilometa 500 kwa sekunde. Nuru inakimbia 300,000, yaani mara 600 zaidi. Nuru ingetumia miaka milioni 3.26 kuumaliza umbali ule, hiyo galaksi imetumia mara 600 ya hiyo. Jibu ni karibu miaka bilioni mbili. Ulimwengu umezaliwa!

Kasoro ni moja tu. Wapimaji wa mawe walikuwa tayari wanapata miamba ya dunia yenye umri mkubwa kuliko huo. Dunia kuuzidi umri ulimwengu uliomo ndani yake! Mdogo mtu kawa dada mkubwa! Na kama pale ofisini, kila upande ukashika karatasi yake.

Aliyeikata kesi ni Walter Baade, na ninampenda kwa sababu ya giza. Alikuwa Mjerumani anayeishi Marekani. Vita ya pili ilipoingia, wenzake wakaenda kwenye kazi za jeshi, yeye kama raia wa nchi adui akabanwa asitoketoke, akaachiwa darubini ya Mount Wilson. Chini yake Los Angeles ikazimwa taa kwa kuogopa mashambulizi. Mwenzangu, adui kapewa darubini kubwa kuliko zote za wakati ule, na mji mzima umemzimia taa! Akazitenga nyota za katikati ya Andromeda moja moja, jambo ambalo hakuna aliyeliweza, akaona kuwa nyota ziko za kizazi kipya na za kizazi cha zamani. Baadaye, mwaka 1952 mjini Roma, akatangaza: sefeidi nazo ziko za aina mbili, na zinazopepesa sawasawa hazina nguvu sawa. Tulizipima zote kwa kipimo kimoja. Umbali wote wa galaksi ukaongezeka mara mbili kwa siku moja, na umri wa ulimwengu pamoja nao.

Mjomba alipolisikia hili akapiga paja. “Si ndiyo nilivyokwambia! Karabai na betri!”

Na karani naye, nikamwambia, alikuwa na kipimo kimoja tu cha mvi, na kuna watu wa kuota mvi thelathini na kuna wewe.

Usidhani pia kwamba pwani yetu ilikuwa mtazamaji tu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimikwa baharini karibu na Malindi, Kenya, lilipo San Marco, kilirushwa chombo cha kwanza kilichotengenezwa makusudi kutazama mionzi ya eksirei kutoka angani. Ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya kutimiza miaka saba, wakakiita Uhuru. Ndiyo, kwa Kiswahili, na jina hilo liko katika vitabu vya fani hiyo hadi leo. Uhuru kiligundua kuwa makundi makubwa ya galaksi yamejaa gesi ya moto mno. Baadaye gesi hiyo ikawa njia nyingine ya kupima umbali: unalinganisha eksirei zake na kivuli inachokitia kwenye mwanga wa kale unaopita nyuma yake. Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wa kazi ile, alipata Nobel mwaka 2002. Kutoka Wesha hadi Malindi ni mwendo wa jahazi, wala si mrefu.

Huo mwanga wa kale nao una kisa. Mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson, kule New Jersey, walikuwa na antena inayotoa mvumo usiokatika. Wakadhani ni kinyesi cha njiwa waliofanya kiota ndani. Wakafukuza njiwa, wakasugua, mvumo uko pale pale. Kumbe ni mwanga wa ulimwengu ulipokuwa mchanga, miaka kama 380,000 tu, uliovutwa na kule kutanuka hadi ukawa mawimbi ya mikrowevu. Kwa maneno mengine walikuwa wameipata picha ya utotoni.

Sasa shika kiti. Leo ziko njia mbili kuu za kupima kasi ya kutanuka. Ya kwanza inachukua ile picha ya utotoni, iliyopigwa vizuri na chombo kiitwacho Planck, inatumia kanuni za jinsi ulimwengu unavyokua, inasema leo unapaswa kutanuka kwa kiasi gani. Jibu lao la mwaka 2018: kilometa 67.4 kwa sekunde kwa kila megapaseki, na umri miaka bilioni 13.8. Ya pili ni ya gatini: unahama hatua kwa hatua, kutoka nyota za Gaia hadi sefeidi, kutoka sefeidi hadi supernova, nyota zinazolipuka kwa nguvu inayojulikana. Kundi la Adam Riess, mmoja wa watatu waliopata Nobel ya 2011 kwa kuonesha kuwa kutanuka kunazidi kasi, lilitoa jibu lake mwaka 2022: 73.

Sitini na saba, na sabini na tatu! Wallahi sikutunga. Nilimsomea mjomba kwenye simu, akanitazama kama nimemrudisha kwa yule karani.

Ukiweka 73 kwenye kanuni zile zile, umri wa ulimwengu unashuka hadi karibu bilioni 12.7. Ukasema tofauti ndogo? Kila upande unadai kosa lake halizidi asilimia moja au mbili. Watu wakasema labda sefeidi za mbali zimesongamana na nyota jirani, mwanga umechanganyika. Darubini mpya ya James Webb ikatumwa kuchungulia, na mwaka 2023 na 2024 ikaonekana msongamano si sababu. Kundi jingine, la Wendy Freedman, likachanganya aina nyingine za nyota, likapata kama 70. Yaani katikati! Hadi naandika, kesi haijahukumiwa. Ama kuna taa moja haijajulikana vizuri, ama kanuni za ukuaji zina kitu hazijakijua. Mimi, kwa kuwa nimekaa na mjomba, nina upendeleo kwa watu wa taa, lakini usininukuu.

Mjomba alikuwa na swali moja zaidi, na ndilo lililonitoa jasho. “Hiyo ya mbali kuliko zote, iko umbali gani?”

Nikamtajia moja iliyotangazwa Mei 2024, jina lake ni namba za ajabu, JADES-GS-z14-0. Mwanga wake umesafiri miaka bilioni 13 na nusu.

“Basi iko miaka ya nuru bilioni 13 na nusu.”

Hapana, mjomba. Ni sawa na mtu anayekuandikia barua akiwa chomboni. Barua inatoka Tanga, inachukua wiki, inakufikia Wesha yeye keshafika Mombasa. Ukiulizwa yuko wapi, unajibu ya lini? Na hapa bahari yenyewe inatanuka huku mpeleka barua bado yumo njiani. Mwanga ule ulipoondoka, galaksi ilikuwa kama miaka ya nuru bilioni mbili na kidogo tu kutoka mahali petu. Safari ikawa ya miaka bilioni 13 na nusu, maana njia ilikuwa inarefuka mbele na nyuma. Na leo, saa hii tulipokaa, galaksi hiyo iko kama bilioni 34. Zote tatu ni kweli.

Akanyamaza muda. Zile taa za dagaa zilikuwa zimeanza kusogea pamoja.

“Basi kule ofisini,” akasema, “wasiniulize nina miaka mingapi. Waniulize wanapima kutoka wapi.”

Asubuhi tukaenda kwa sheha. Mimi nilikuwa nimejiandaa na hotuba ndefu, lakini aliyeshinda kesi ni mama mdogo na mfuko wake wa nailoni. Cheti chake cha 1954 hakina ubishi. Wazee watatu waliosoma chuo kimoja na mjomba wakathibitisha kuwa yeye ni mkubwa na dada yake ndiye mdogo, tena mmoja akakumbuka nani alichapwa siku gani. Kwa hiyo 1957 haiwezekani, iwe huna mvi au unazo. Sheha akaandika barua, barua ikaenda, ikarudi, ikaenda tena.

Mwanzoni mwa 2025 simu ikalia. Mama mdogo, kwa vocha yake tena. Mjomba kaandikwa 1953. Si ya karani, si ya nyumbani, katikati tu, na pensheni kaanza kupokea. Nyuma ya simu namsikia mjomba analalamika kuwa wamemnyang’anya miaka yake miwili na anataka kukata rufaa. Mama mdogo naye anamwambia anyamaze, aende akanunue vidonge kabla hawajabadilisha mawazo.

Haya, wiki ijayo panapo majaaliwa tunarudi kwa wale wa soda mbili.